Kibarua kwanza au kitanda kwanza?

Kila kijana anayekwenda kuhangaika ughaibuni huulizwa swali moja: umepata kazi? Mimi siku hizi nikikutana na mgeni aliyeshuka juzi namuuliza kingine: unalala wapi, na mwenye hicho kitanda ni nani? Nilisoma Ujerumani, na kila likizo ya chuo ilipofika nilikuwa kwenye vibarua, kuanzia kuosha vyombo hotelini mpaka kuchuma zabibu kwenye miteremko ya mto Mosel. Sijaona mtu mwenye vibali na afya akikosa kibarua kwa muda mrefu. Mavuno hayamsubiri mtu. Migahawa hukimbiwa na wafanyakazi kila mara. Maghala ya vifurushi, Krismasi ikikaribia, huchukua karibu kila anayejitokeza. Wale niliowaona wakifungasha kabla ya wakati, wengi hawakushindwa na kazi. Walishindwa na mahali pa kulala.

Na kulala kwenyewe kuna ngazi zake. Kuna kitanda, halafu kuna anwani. Kochi la rafiki ni kitanda, na bweni la hosteli ni kitanda. Anwani ni pale ambapo serikali inakubali kwamba unaishi, na Ujerumani tofauti hiyo unaiona kwenye mshahara. Sheria inakutaka ujiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, jambo ambalo hata Waswahili wa kule huliita tu Anmeldung. Tangu Novemba 2015 hujiandikishi bila karatasi iliyosainiwa na anayekupa makazi, akithibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Hapo ndipo rafiki mwenye kochi anapoanza kukohoa: mkataba wake haumruhusu kuweka mtu, au anaogopa mwenye nyumba atajua. Usipojiandikisha, namba ya kodi ya mapato haiji. Mwajiri asipokuwa na namba hiyo anaweza kukukata kwa daraja la sita la kodi, ambalo makato yake ni makubwa kuliko ya madaraja mengine yote. Kwa hiyo mnaweza kusugua sufuria zilezile, kwa saa zilezile na ujira uleule, halafu mwisho wa mwezi mwenzako akapokea zaidi yako kwa sababu tu yeye ana karatasi ya chumba.

Namba yenyewe inakuja kwa posta, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Majengo mengi kule hayana namba za vyumba. Tarishi anasoma majina kwenye masanduku ya barua, na jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka. Kwenye chumba changu cha kwanza cha muda, sanduku lilikuwa na majina matatu yaliyochapwa vizuri kwenye kibati. La kwangu nililiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika kwa selotepu chini yao. Mvua ilipokilowesha nikaandika kingine. Hakikupendeza, lakini barua zilifika: ya namba ya kodi, ya benki, ya bima ya afya, na ile isiyosubiriwa na mtu, ya ada ya redio na televisheni ya umma. Ada hiyo ni euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Usikimbilie kulipa. Inatozwa mara moja kwa nyumba nzima, na mara nyingi kuna mwenzako anayelipa tayari. Unawajibu wanaoitoza kwa kuwapa namba ya malipo ya huyo mwenzako, kisha mnachangiana.

Vyumba vya muda vina majira yake, na hili ni la kujua kabla ya kukata tiketi. Mihula ya baridi vyuoni huanza Oktoba, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Septemba miji ya vyuo kama Heidelberg, Freiburg na Münster hujaa watu wenye mabegi wanaogombea vyumba vichache. Miezi miwili mitatu kabla ya hapo hali ni kinyume kabisa. Wanafunzi wanaondoka kwenda likizo au mafunzo kwa vitendo, wanaacha vyumba wanavyoendelea kuvilipia, na wanatafuta mtu wa kuvikalia mpaka warudi. Unaingia na begi lako tu. Kitanda, meza na sufuria vipo. Ukifika Julai unatafutwa wewe. Ukifika Oktoba utaandika ujumbe mpaka vidole viume, na wengi hawatajibu.

Vingi vya vyumba hivyo viko kwenye nyumba za kuchangia, na usaili wake hufanyika jikoni. Nakumbuka mmoja. Vijana watatu upande wa pili wa meza, ukutani ratiba ya usafi yenye majina na wiki, mimi nimeshika karatasi ya salio la benki kama niliyeitwa ubalozini. Hela hawakuiuliza kabisa. Waliuliza kama napika usiku, kama nina wageni wengi, kama nimewahi kuishi na watu. Yule mwenye chumba, aliyekuwa anaenda mafunzo mji mwingine, akauliza mara mbili kwa maneno tofauti: utaondoka lini, na ukiondoka hapa unaenda wapi? Nikamwonyesha barua ya kibarua cha mavuno kilichoanza katikati ya Septemba, chenye malazi kulekule. Uso ukafunguka. Siku hiyohiyo jioni akaniandikia kwamba chumba ni changu.

Anayekupangisha kwa muda anaogopa kwamba hutaondoka. Anayekuajiri kwa muda anaogopa kwamba utaondoka mapema. Wote wawili unawatuliza kwa tarehe. Tangu siku ile ujumbe wangu wa kwanza, uwe wa chumba au wa kazi, huanza na siku ya kufika na siku ya kuondoka, halafu sababu kwa sentensi moja. Mambo ya "mimi ni mchapakazi, ninajituma, napenda kujifunza" kila mtu anayaandika, na sidhani kama kuna anayeyasoma.

Matapeli nao wana msimu, na msimu wao ni huohuo wa Oktoba. Mtindo wao haubadiliki. Chumba ni kizuri mno kwa bei yake, kiko katikati ya mji, mwenyewe "yuko London kikazi", hawezi kukuonyesha, lakini ukituma kodi ya mwezi mmoja na amana atakuletea ufunguo kwa posta. Hakuna ufunguo. Mimi sitoi senti kabla sijauona mlango ukifunguka na mtu aliyeufungua akanionyesha kwamba ana haki nao, yaani mkataba wake na kitambulisho. Kuhusu amana, sheria ya Ujerumani inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya miezi mitatu, bila gharama za maji na joto, na inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi. Wageni wengi hawaijui haki hii ya awamu, wanajikamua na kulipa yote siku ya kwanza. Amana ya chumba cha kukalia kwa miezi miwili kwa kawaida ni ndogo, lakini nayo iandikiwe risiti. Siku ya kuingia piga picha sakafu, ukuta, godoro na kioo cha dirisha, mtumie mwenye chumba muda huohuo. Usimwambie ni za nini, anajua.

Kabla ya chumba kuna hosteli, na hosteli ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi usizigeuze kuwa makazi. Wazo lenyewe lilianzia Ujerumani. Mwaka 1909 mwalimu Richard Schirrmann alikuwa matembezini na wanafunzi wake wakakutwa na dhoruba, wakalala kwenye shule ya kijijini. Akawaza kwamba shule zinazokaa tupu wakati wa likizo zingeweza kulaza vijana wanaosafiri, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikapata mahali kwenye ngome ya Altena. Faida ya hosteli kwa mtafuta kibarua ni watu waliomo. Kazi mbili nilizozifanya nilizisikia kwenye chumba cha kufulia, kutoka kwa watu waliokuwa wanaziacha. Mtu anayeacha kazi bila ugomvi ni tangazo zuri kuliko matangazo yote, kwa sababu anakuambia na yale ambayo mwajiri hakuyaandika.

Humo humo ndimo nilimokutana na waliotoka Australia na viza ya kufanya kazi huku ukitembea. Hadithi zao ndizo zilizonifungua macho. Ili kupata mwaka wa pili kwa viza hiyo walitakiwa kufanya siku 88 za kazi maalumu, nyingi zikiwa mashambani mbali na miji mikubwa. Miji midogo ya mashamba ina hosteli zinazokulaza na wakati huohuo zinakutafutia shamba. Unalipa kitanda kwa wiki, unaambiwa kazi inakuja Jumatatu, Jumatatu inapita, kodi ya kitanda inaendelea. Ukilalamika kuhusu kazi umelalamika kwa mwenye kitanda. (Kwa msomaji anayeanza kuota Australia: orodha ya nchi zinazoruhusiwa kwenye viza hiyo haina hata nchi moja ya Afrika. Usimpe wakala hela yako kwa ahadi hiyo.)

Yaliyowakuta wao niliyaona kwa macho yangu Mosel. Mavuno kule huanza Septemba na kuingia Oktoba, na sehemu nyingi ni za kuchuma kwa mkono kwa sababu mashine haipandi mteremko ule. Unasimama mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwingine kwenye vipande vya mawe bapa vinavyoteleza, ndoo imeegemea shina la mzabibu, mkono wa kulia una mkasi mdogo wenye ncha. Mkono wa kushoto unashika kishada kwa chini, na hapo ndipo wageni wote wanapojikata, kidole cha shahada au cha kati, kwa sababu majani yanaficha na mkasi hauchagui. Asubuhi zabibu zina umande baridi. Mchana sukari yake imekauka kwenye mikono na nyigu wamekujua.

Tulilala juu ya stoo ya mwenye shamba, vitanda vya ghorofa, na gharama ya malazi ilikatwa kwenye ujira. Hilo si kosa kisheria likiwa limeandikwa kwenye mkataba. Ila mvua ilipokuja siku mfululizo hatukuchuma, na tusipochuma saa hazikuandikwa, lakini kitanda kiliendelea kuhesabika. Jirani yangu wa kitanda cha chini alikuwa mzee kutoka Poland, mwenye misimu mingi, Kijerumani chake kibovu kama changu ndiyo maana tulielewana. Kila jioni alitoa daftari dogo lililofungwa kwa mpira, akaandika tarehe, saa ya kuanza, dakika za mapumziko, saa ya kumaliza na kipande cha mteremko tulichochuma. Nilimuuliza kama hamwamini mwenye shamba.

"Ninamwamini, kijana wangu," akasema. "Yeye ana daftari lake, mimi nina langu. Mwisho wa mwezi yanasalimiana."

Nikanunua langu. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani kinamhusu na mvunaji wa msimu. Mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa na kuanzia Januari 2026 ni 13.90. Lakini kima cha chini hakina maana kama saa zenyewe hamkubaliani. Na usiandike kwenye simu tu. Daftari lenye matope na wino uliobadilika kila siku linaaminika kuliko jedwali safi lililotengenezwa usiku wa mwisho.

Kijana mmoja wa Romania ndiye aliyepishana na msimamizi kuhusu saa za Jumamosi. Hakuwa na daftari. Maneno yakapanda, akaambiwa afungashe. Jioni ile hakupoteza kazi peke yake. Alipoteza na kitanda, kijijini, basi la mwisho likiwa limeshaondoka. Mzee alizungumza na mwenye shamba, akaruhusiwa kulala mpaka asubuhi. Nilimwangalia akihesabu sarafu za nauli ya kwenda mji wa Trier kwenye kiganja, na sijui kama zilitosha hosteli.

Sisemi usilale kwa mwajiri. Mashambani mara nyingi hakuna pengine, na ukienda kulea watoto kwenye familia kama au pair ndiyo mpangilio wenyewe: Ujerumani unakuwa na umri wa miaka 18 mpaka 26, unapewa chumba, chakula na euro 280 za matumizi kwa mwezi, kwa kazi isiyozidi saa 30 kwa wiki. Ninachosema ni kwamba kazi na kitanda vikishikwa na mkono mmoja, uwe umeshajua utalala wapi siku mtakayokosana. Mimi huweka kando nauli na gharama ya kulala usiku chache hosteli, naiita hela ya kuondokea, na siigusi hata njaa ikiuma. Ninaandika pia mahali basi linapopita na saa ya la mwisho. Dada mmoja aliyekuwa au pair aliniambia kwamba siku aliyojua kuwa inawezekana kuhamia familia nyingine kwa muda uliobaki kwenye kibali chake, hata sauti yake mbele ya mama mwenye nyumba ilibadilika. Hakuhama. Alianza tu kutaja saa zake.

Pasipoti haishikwi na mwajiri. Anataka nakala, apewe nakala. Nikisikia "niachie nikutunzie," natafuta kazi nyingine.

Halafu kuna njia ya kufanya kazi bila mshahara ili ulale na kula bure. WWOOF, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1971 na Sue Coppard, ndiyo maarufu kuliko zote: mgeni anasaidia shamba la kilimo hai saa chache kwa siku, mwenyeji anampa malazi na chakula. Nimekutana na waliofaidi sana, waliojifunza kupogoa na kutunza nyuki. Ila wengi hudhani kwamba kwa kuwa hakuna pesa, hakuna kazi, kwa hiyo viza ya utalii inatosha. Maofisa wa uhamiaji wa nchi nyingi hawaoni hivyo. New Zealand malazi unayopewa kwa kufanya kazi ni malipo. Uingereza mgeni wa matembezi anaruhusiwa kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa tu, na kwa siku zisizozidi 30. Ukiulizwa uwanja wa ndege unaenda kufanya nini, shamba la mwenyeji wako si jibu la utalii. Soma masharti ya viza yako kwenye tovuti ya serikali yenyewe, si kwa mwenyeji, ambaye anakuhitaji kesho asubuhi.

Kwa mwanafunzi hesabu ni ya siku. Ujerumani mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya aliruhusiwa siku 120 kamili kwa mwaka, na tangu Machi 2024 ni 140, au nusu siku 280, nusu siku ikiwa ni kazi isiyozidi saa nne. Mwajiri wa Agosti hajui ulifanya nini Februari. Anayejua ni wewe na, siku ya kuongeza kibali, idara ya wageni. Lile daftari langu la zabibu ndilo nililoligeuza kuwa la mwaka mzima.

Msimu ukiisha kuna karatasi mbili ambazo vijana huziacha mezani kwa haraka ya kuondoka. Ya kwanza ni cheti cha kazi. Kisheria unayo haki ya kukidai, hata kama ulikuwa unaosha vyombo, na cha hotelini ndicho kilichonifungulia mlango kwa mwajiri aliyefuata. Kiombe wiki ya mwisho, bosi akiwa bado anakukumbuka kwa jina. Ya pili ni taarifa ya makato ya mwaka, inayotoka kwa mwajiri baada ya mwaka kufungwa, kwa hiyo mwachie anwani itakayokufikia. Kodi ya mapato hukatwa kila mwezi kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima, wakati wewe umefanya miezi miwili tu. Mwaka 2025 kipato cha mpaka euro 12,096 hakikutozwa kodi, na vibarua vya likizo mara nyingi havifiki huko. Maana yake kilichokatwa, hata kwa lile daraja la sita, kinadaiwa. Unayo miaka minne ya kuwasilisha fomu, na unaweza kuifanya ukiwa umeshahama nchi. Mimi ya mwaka wa kwanza niliijaza baadaye sana, na zilizorudi zililipa kodi ya chumba cha kiangazi kilichofuata.